Tano ya Mzee Fabien

Ubao ulirudi Baraka Alhamisi asubuhi, umefungwa ndani ya kitenge. Dany, dereva wa moto, yaani pikipiki, aliyeubeba kutoka Lweba, aliutua juu ya meza ya karakana, akarudi nyuma hadi mlangoni, ndipo akafungua mdomo.

"Mama Marthe anasema: 'Hiyo tano iko ya kubahatisha. Jumamosi musikuye.'"

Mzee Fabien, fundi ambaye nusu ya maboti ya Baraka yamepita mikononi mwake, aliweka randa chini. Binti yake Ketsia, aliyekuwa amepita kunywa chai kabla ya kwenda bureau ya polisi, alimwona akitafuta mahali pa kukaa huku kiti kikiwa nyuma yake. Alikivuta, akamkalisha.

"Rudia," alimwambia Dany.

"Nilisha kuirudia njia yote, chef, nisiisahau. Iko vile tu. Jumamosi musikuye."

Jumamosi ndiyo siku ambayo wazee wa ukoo wangekwenda Lweba na mbuzi kumwomba Mama Marthe kwa ndugu zake. Yeye na Fabien walikuwa watu wazima, kila mmoja amezika mwenzi wake wa ndoa zamani, na uchumba wao haukuwa na maua wala nyimbo za redioni. Ulikuwa na sudoku.

Fabien mwenyewe ndiye aliyeuranda ubao na kuuchora miraba. Tarakimu zilikuwa vifuniko vya chupa vilivyopakwa rangi. Aliyetunga gridi, na safari hii alikuwa Marthe, alipigilia vifuniko vyake vyeupe vya kuanzia kwa misumari midogo ya viatu, na hivyo havikuguswa na mtu. Kisha ubao ulianza safari zake: Fabien anaongeza tarakimu moja nyekundu, anaigandisha kwa lami ya maboti, Dany anaupeleka Lweba; Marthe anaongeza yake, Dany anaurudisha. Simu wote wawili walikuwa nazo, lakini Marthe alishasema simu ni ya habari za misiba.

Sheria ya mchezo inajulikana: kila mstari wa kulala, kila nguzo ya kusimama na kila chumba cha miraba tisa kinataka moja hadi tisa, pasipo kurudia. Mama Marthe, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliongeza sheria yake: kila tarakimu isafiri na sababu, kwa mdomo wa Dany. Asiye na sababu asiweke. "Muntu mwenye kubahatisha ku gridi," alikuwa akisema, "atabahatisha na mu nyumba." Marehemu mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa bingwa wa kubahatisha, kwa hiyo mama alijua anachokisema.

Ketsia Wilondja alikuwa mkaguzi wa polisi, na upelelezi ndio uliokuwa mkate wake. Mkubwa wake angemwambia mtoto hapelelezi kesi ya baba yake. Bahati nzuri mkubwa alikuwa amepanda Fizi kwa mkutano. Isitoshe, barua ya kumhamishia Ketsia Uvira ilikuwa imeshafika, na mzee huyu anayeweza kujenga boti la kuvuka ziwa huunguza hata chai. Ketsia alimpenda baba yake kupita kiasi. Hakuwa tayari kumwacha peke yake na masufuria.

"Papa, hii tano ni we uliiweka?"

"Ni mi."

"Ulibahatisha?"

Mzee alimtazama kwa uchungu, utadhani ameulizwa kama anaiba nyavu za watu. "Mi? Hiyo tano iko sawa, naapa. Kama Marthe anaiona mubaya, basi kuko muntu aligusa ubao."

"Mi naenda kazi," alisema Dany.

"We unakaa," alisema Ketsia, na Dany akakaa juu ya gogo.

Ketsia alisogeza ubao kwenye mwanga. Alianza na zile tarakimu nyekundu zisizo na ugomvi, kwa sababu shahidi anapimwa kwanza kwa yale unayoyajua. "Hii mbili?"

"Mapacha," alijibu mzee bila kufikiri. "Angalia hii miraba miwili ya chumba kimoja. Yote inakubali moja ao sita tu. Atujue nani ni nani, lakini moja na sita zilisha kupata pa kulala. Wengine mu kile chumba batafute kwingine. Ukifukuza moja na sita, huu mraba unabaki na mbili peke."

"Hii tisa?"

"Ile ni ya Marthe." Sauti ya mzee ililegea. "Wavu. Mu mustari huu, tisa iko na nafasi mbili tu. Mu mustari ule, mbili tu pia. Na zile nafasi zinasimama ku nguzo mbili zilezile. Basi unapata pembe ine. Tisa zitashika pembe mbili za kukingamana, hizi ao zile, lakini kila nguzo itakuwa imepata tisa yake. Tisa zingine zote mu zile nguzo zinakufa. Unavuta tu wavu." Alikuna kidevu. "Siku ile wavu ilifika hapa, njo nilikata shauri ya kumuoa."

Dany alikohoa kwa adabu.

"Na hii tano, Papa?"

"Rectangle unique." Aliweka vidole juu ya miraba minne iliyofanya mstatili. "Mistari miwili, nguzo mbili, vyumba viwili. Pembe hii: saba ao nane. Hii: saba ao nane. Hii ya chini pia. Ya ine inakubali saba, nane, ao tano. Sasa fikiri: ukiweka saba ao nane ku ile ya ine, pembe zote zinakuwa za saba na nane peke yake. Unaweza kuzigeuza, saba inaenda huku, nane kule, na hakuna mustari utalia. Gridi inapata majibu mawili. Na gridi ya kweli iko na jibu moja. Basi ya ine ni tano, mambo imeisha."

"Dany, ulipeleka sababu gani?"

Dany alisimama kama yuko katekisimu. "'Tano, kwa sababu Marthe hawezi kutunga gridi ya majibu mawili.'"

"Naye akasema?"

"Akasema hiyo haiko sababu, iko sifa. Sababu iko mu mustari, mu nguzo, ao mu chumba. Akanipa ubao. Ata chai hakunipa."

Ketsia alifuata tano ile kwa kidole, kulia na kushoto, juu na chini, kisha ndani ya chumba chake. Haikugongana na kitu. Kama ilikuwa kosa, lilikuwa kosa la fundi. Na kama baba yake alisema kweli, basi kosa lilikuwa mahali pengine kwenye ubao, na lilikuwepo kabla yeye hajashika lami.

"Ubao ulipotoka Lweba ile mara, ulisimama wapi?"

"Kwa Bienfait, ku soko," alisema Dany. "Nilishusha mifuko yake ya chumvi. Ubao ukabaki kwake kidogo."

Baba na binti walitazamana. Bienfait alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Marthe, na alishatangaza mbele ya kila mwenye masikio kwamba shemeji yake hana kazi ya kutafuta Baraka kwa mchonga mbao. Nia alikuwa nayo, nafasi alikuwa nayo. Kesi zinazoanza vizuri hivyo humtia mpelelezi wasiwasi.

Depo ya Bienfait ilinuka sabuni na samaki wakavu. Mwenyewe, mtu mnene wa uso mpole, alikuwa amekalia mfuko wa sukari. Ketsia alilaza ubao juu ya mizani.

"Jambo, Papa Bienfait. Unaujua huu ubao?"

"Njo huo unataka kutuibia shemeji."

"Uliugusa?"

"Niliusukuma na mguu. Ulikuwa mu njia."

"Na mukono?"

"Mukono wa nini? Mi sijue ata namna banacheza hiyo kitu."

Ketsia alichomoa mfukoni kifuniko chekundu cha tano, alichokichukua karakana. "Weka hii mahali unapenda."

Bienfait aliinama. Alifikiri kwa muda mrefu, ulimi umetoka kidogo, kwani hata adui wa sudoku akipewa sudoku anataka kushinda. Hatimaye aliweka tano yake kwa fahari kwenye mraba mtupu, karibu kabisa na tano nyingine, mstari uleule, chumba kilekile.

"Hapa kuko nafasi," alisema.

Ketsia aliuma mdomo asicheke. Mikono hiyo ingeongeza au kubadili kitu chochote, ubao wote ungelia kama kuku waliovamiwa na kicheche, na mzee angeona akiwa bado mlangoni.

"Juu ya nini unakataa ndoa yao, Papa? Sema kweli."

Bienfait alipangusa jasho. "Kila Noël familia yote tunakula kwa Marthe. Batoto, bajukuu, bote. Kaka alikufa, lakini pale kwake sahani yetu haikukosa ata mara moja. Akienda Baraka, sisi tutakula kwa nani?"

"Si Baraka pia kuko Noël?"

Mtu huyo alimkodolea macho. Ilionekana hakuwahi kulifikiria. "Batatuita?" aliuliza taratibu.

"Kwanza waoane," alisema Ketsia, akachukua ubao wake.

Alipokuwa akipita kati ya mabeseni ya ndagala, dagaa wa ziwani, fikra ilimsimamisha katikati ya njia, hata mama mmoja akamsukuma na kikapu. Mtu asiyejua akiongeza, atagonganisha. Akibadili, atagonganisha. Lakini akitoa? Kutoa hakugongani na kitu. Ili kuondoa tarakimu moja kwenye sudoku huhitaji kujua kuhesabu; hata mbuzi anaweza. Tangu asubuhi walikuwa wakichunguza miraba yenye vifuniko, na hakuna aliyeihoji miraba mitupu.

Alirudi karakana karibu mbio.

"Papa, nipe musumari mwembamba."

Wiki hiyo mvua ilikuwa imenyesha bila huruma, na barabara ya Lweba ilikuwa imeupaka ubao tope jekundu ambalo mzee, kwa haraka ya kusoma gridi, alikuwa amelipangusa juu juu tu. Ketsia alianza na pembe za ule mstatili. Alichokonoa pembe ya kulia ya juu: mbao ngumu. Ya kushoto ya chini: mbao ngumu. Alipogusa ya kushoto ya juu, ncha ya msumari ilizama. Kipande cha tope kilichokauka kilidondoka, na chini yake kikabaki kitundu cheusi, kidogo kama jicho la ndagala.

Mzee Fabien alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Kulikuwa kifuniko hapa," alisema. "Cha kuanzia. Cha musumari."

"Inabadilisha nini?"

"Inabadilisha yote, mama yangu! Ile rectangle inasimama kama pembe zote ine ziko huru. Pembe moja ikiwa ya kupigiliwa, haigeuke tena. Saba na nane haziwezi kubadilishana, basi hakuna majibu mawili, basi sikuwa na haki ya kuruka ku tano." Aliweka kiganja juu ya ubao. "Marthe iko na haki. Tano iko mubaya. Na mi fundi muzima, sikuona tundu la musumari."

"Na yeye, mwenye kuupigilia, hakuona kama hakiko," alisema Ketsia. "Mulikosa wote wawili. Sasa tunatafuta kifuniko."

Dany alikuwa ameyeyuka.

Hakwenda mbali. Ketsia alimkuta kwenye maegesho ya moto, chini ya kibanda cha mabati, ameinamia meza ya dame, mchezo wa drafti, na dereva mwenzake aitwaye Willy. Wanaume wa maegesho hawana mchezo mwingine, na kete zao ni vifuniko vya chupa: upande mmoja vimetazama juu, upande wa pili vimefunikwa.

"Dany, ubao ulianguka wapi?"

"Ubao? Haukuanguka, chef." Alisogeza kete. "Uliteleza kidogo. Mbele ya daraja la Mutambala, pale mashimo. Lakini niliuokota mara moja na nikaupangusa na shati yangu."

"Haukupoteza kitu?"

"Ata kitu! Nilitazama chini, nilitazama mu mipira ya kufungia mizigo. Nilikuta tu kifuniko cha chupa."

Willy aliinua macho. Dany alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, na uso wake ukaanza kubadilika polepole.

"Kifuniko cha chupa," alisema Ketsia. "Na ukakifanya nini?"

"Kifuniko ni kifuniko, chef. Viko kila mahali. Hapa tulikuwa tunakosa kete moja..."

Ketsia alianza kugeuza zile kete zilizofunikwa, moja baada ya nyingine, huku Willy akilalamika kwamba alikuwa anakaribia kushinda. Ya kwanza, bia. Ya pili, soda. Iliyokuwa katikati ya meza, ile ambayo Willy alikuwa ameitawaza kuwa malkia, ilikuwa imetobolewa na msumari. Aliigeuza. Rangi nyeupe ilikuwa imechubuka, lakini saba ya Mama Marthe, yenye kimkia chake cha kialimu, ilisomeka vizuri.

"Na niliona," alinung'unika Willy, "hiyo kete inashinda sana."

Walifika Lweba jua likiwa bado juu ya milima, Ketsia nyuma ya moto ameukumbatia ubao kifuani, Dany akiyazunguka mashimo ya Mutambala kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Mama Marthe alikuwa uani anaanua mihogo kabla ya mvua. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa kutazama watu juu ya miwani. Aliona ubao na akaendelea na mihogo yake.

"Jambo, Mama."

"Jambo, binti. Kama Papa yako amekutuma na polisi, umuambie siogope."

"Hakunituma. Sikumuambia ata kama nakuja. Nina ulizo moja tu: hii tano iko mubaya juu ya nini?"

Hapo mwalimu alishindwa kujizuia. Alipangusa mikono, akavuta kigoda. "Mu mustari huu wa chini, saba iko na nafasi mbili tu, huku kushoto na huku kulia. Kushoto haiwezekane, kwa sababu nguzo yake ilisha kuwa na saba pale juu. Basi saba ni ya kulia, na kulia njo Papa yako anaweka tano! Ata mutoto wa mwaka wa tatu angeona."

"Saba ya juu iko wapi, Mama? Nionyeshe."

"Iko hapa," alisema Marthe, na kidole chake kikatua juu ya mraba mtupu.

Alikiacha hapo. Aliinamisha kichwa, akasogeza miwani, akagusa kitundu kwa ukucha. Ketsia alitoa kifuniko mfukoni, akakiweka kando ya kidole kile. Dany, mlangoni, alianza kueleza habari za mashimo, mipira na dame, lakini hakuna aliyemsikiliza.

"Nilikuwa naiona," alisema Marthe kwa sauti ndogo. "Kila mara naiona pale. Ni ya kwanza nilipigilia."

"Papa hakuiona. Aliona pembe ine zote huru, na saba na nane zinazoweza kugeuzwa. Alikuwa na njia mbili, Mama: aseme gridi yako imekosewa, ao aweke tano. Hakufikiri ata kidogo kama we unaweza kukosea. Akaweka tano. Hakubahatisha. Alikuamini, na akajenga juu yake."

Marthe alikuwa ameishi miaka mingi na mwanamume asiyeamini hesabu yake hata ya chumvi, na sasa yuko mwingine, mjinga wa kupendeza, aliyeamini gridi yake kuliko ubao wenyewe. Alivua miwani. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakujisumbua kuyaficha.

Aliingia ndani, akatoka na nyundo na msumari mdogo wa kiatu. Aliweka saba mahali pake, akaipigilia, kisha akapiga tena mara moja zaidi ya ilivyohitajika. Ketsia alinyoosha kidole kwenye tano nyekundu.

"Niing'oe hii?"

"Usiiguse! Ataing'oa mwenyewe, Jumamosi, mbele yangu. Na bazee bakuye na njaa, nitapika." Alifikiri kidogo. "Bienfait pia aitwe."

Dany alichangamka, akachukua kitenge na kuanza kuufunga ubao kama kawaida yake. Marthe alimnyang'anya kwa upole, akaubeba kifuani hadi ndani, na Ketsia akamwona akiusimamisha juu ya kabati, mahali pa heshima.

"Sasa mi nabeba nini kurudi kwa muzee?" aliuliza Dany.

"Beba maneno," alisema Mama Marthe kutoka ndani. "Umuambie huu ubao hautapanda moto tena. Siku nitahamia Baraka, nitakuya nao mi mwenyewe."